"Mzee wetu hatuna neno naye": namna ya kuuliza watu kuhusu mbunge mkongwe kabla ya uchaguzi

Kila uchaguzi ukikaribia, vijana wa hapa Mtwara hunifuata na swali moja: tutajuaje kama mzee bado anakubalika? Mimi ni mdadisi. Nimebeba madodoso Tandahimba, Newala, Masasi, Mtama hadi Kilwa, ya sensa, ya afya, ya kilimo na ya siasa. Haya ninayoandika ndiyo ninayowafundisha wadadisi wapya kabla sijawaruhusu kubisha hodi kwa mtu.

Mzee ninayemsema si mtu mmoja. Ni yule mbunge aliyekaa vipindi vitatu au vinne, mhafidhina wa chama na wa mila, anayetaka mambo yabaki yalivyo, anayewajua mabalozi wa nyumba kumi kwa majina na hakosi msibani. Kumpima mtu wa aina hiyo ni kugumu kuliko kumpima mgeni aliyechukua fomu mwaka huu. Watu wanamheshimu, wengine anawadai fadhila, wengine wanamwogopa, na wote watakujibu kwa maneno yaleyale.

Usianze na jina lake

Katika kijiji kimoja cha uwanda wa Makonde nilikuwa na kijana ninayemfundisha. Tulimkuta mama barazani anabangua korosho. Shikamoo mama, marahaba wanangu, karibuni, tukapewa jamvi. Kijana akaenda moja kwa moja: "Mama, mbunge wenu mnamwonaje?" Mama hakuinua macho. "Mzee wetu, hatuna neno naye." Kijana akaweka tiki kwenye "ameridhika" akataka kuendelea.

Nikamwambia aweke kalamu chini. Nikamuuliza mama maji wanachota wapi. Hapo korosho zikawekwa pembeni. Alitueleza kwamba dumu la lita 20 ni mia tano, kiangazi kikikaza linapanda, na kwamba bomba lipo ila halitoi maji. Mlimwambia nani? "Tulimwambia yeye mwenyewe, kwenye mkutano, pale chini ya mwembe. Akasema linafanyiwa kazi." Lini hiyo? Mama akamwonyesha mtoto aliyekuwa anapita na ndoo kichwani, wa miaka tisa au kumi. "Huyu alikuwa bado hajazaliwa."

Majibu yote mawili ni ya kweli. Hana neno na mzee, na ana neno zito kuhusu maji. Kwa hiyo dodoso lianze na maisha: maji, barabara, zahanati, bei ya ufuta na korosho, pembejeo. Kisha uliza nani alipaswa kushughulikia. Ndipo umtaje mbunge, na kura iwe mwisho kabisa. Mtu akishazungumza dakika kumi kuhusu mambo yake mwenyewe, hatarudi kirahisi kwenye majibu ya adabu.

Yatenganishe mambo manne ambayo watu huyachanganya: kumjua mtu, kumheshimu, kuridhika na kazi yake, na kumpa kura. Mkongwe anajulikana na kila mtu, na chawa wake, yaani wapambe, watakuletea umaarufu huo kama ushahidi kwamba anapendwa. Mimi huyauliza hivi:

"Mara ya mwisho kumwona mbunge hapa kijijini ilikuwa lini, na alikuja kwa jambo gani?"

"Katika haya uliyonitajia, lipi amelishughulikia, lipi bado?"

"Uchaguzi ungefanyika kesho, ungemchagua yeye, mtu mwingine, au usingepiga kura?"

Lile la kwanza lina mengi ndani yake. Ukiona wengi wanajibu "alikuja kwenye msiba wa fulani", usilidharau. Kwetu anayezika na wewe ni mtu wako, na nimewaona wazee wakimpigia kura mbunge kwa sababu hiyo tu, wakijua kabisa kwamba barabara hajaleta. Usiandike kwamba wamedanganywa. Wana mizani yao, na wewe umetumwa kuijua.

Kuna jibu lingine ambalo wadadisi wapya hulikosea: "Amefanya kazi, sasa apumzike." Huyo ameridhika na hampi kura. Ukiwa na swali moja tu la kuridhika, umemhesabu upande wa mzee. Kuna na kinyume chake, mama wa Mtama aliyeniambia hajaona alichofanya mbunge, lakini "zimwi likujualo halikuli likakwisha". Huyo hajaridhika, na kura anatoa. Andika maneno yao kama walivyoyatamka, pembeni ya tiki. Siku ya kuhesabu utayahitaji.

Wanaoficha, na wanaficha nini

Kwenye mafunzo tulifundishwa habari za Uingereza, na mimi huwafundisha wenzangu kwa sababu inawafungua macho. Mwaka 1992 kura nyingi za maoni zilionyesha chama cha Labour kinakwenda sambamba na Wahafidhina au kiko mbele kidogo. Matokeo yalipotoka, Wahafidhina wa John Major wameshinda kwa zaidi ya pointi 7. Watu wakasema wapiga kura wa Wahafidhina waliona haya kumwambia mdadisi. Mwaka 2015 ikatokea tena, David Cameron akashinda vizuri kuliko kura za maoni zilivyosema. Safari hiyo iliundwa tume ya wataalamu chini ya Profesa Patrick Sturgis, na ilipotoa ripoti yake mwaka 2016 ilisema tatizo kubwa halikuwa watu kuona aibu. Waliohojiwa hawakuwa mfano mzuri wa wapiga kura wenyewe.

Chukua mambo mawili hapo. La kwanza, kule walioficha walimficha mhafidhina. Kwetu mara nyingi huwa kinyume: anayemtaka mzee anasema kwa sauti, hata amevaa kofia, na asiyemtaka ndiye anayeshusha sauti. Lakini usilifanye kanuni. Kwenye kijiwe cha bodaboda pale Mtwara mjini, penye vijana watupu, anayemtaka mzee ndiye anayenyamaza asichekwe. Jiulize kila mahali: hapa ni jibu lipi lina gharama? La pili ni kwamba kabla hujawashuku watu kwa uongo, angalia kwanza umewauliza akina nani. Nitalirudia hili chini.

Namna ya kupunguza kuficha ninayoiamini ni mfuko. Unachukua mfuko wa kitambaa, karatasi nyeupe za ukubwa mmoja na penseli. Karatasi usitumie za rangi. Kijani na njano ni chama, zambarau ni chama, nyekundu na bluu ni chama, na hata vidole viwili vina mwenyewe. Tumia maumbo: duara ni mbunge aliyepo, pembetatu ni mtu mwingine, mstari ni sipigi kura. Anza na swali la mazoezi lisilo na siasa, kama ugali wa mhogo au wa mahindi, ili asiyejua kusoma aone utaratibu na acheke kidogo. Kisha geuka, mpe mgongo. Achore, akunje, atumbukize mwenyewe. Usifungue mfuko mpaka mmemaliza kitongoji chote, na utikise mbele yao.

Ukitaka kujua watu wanaficha kwa kiasi gani, nusu ya nyumba ziulizwe kwa mdomo na nusu kwa mfuko, na nani apate nini iamuliwe kwa bahati nasibu. Kama kwa mdomo mzee ana 70 kwa 100 na kwenye mfuko ana 45, umeliona pengo. Ila mkihoji watu 100, yaani 50 kila upande, tofauti isiyofika pointi 20 inaweza kuwa bahati tu. Msiitangaze.

"Kura ni siri mwanangu" ni jibu kamili. Liwekee safu yake kwenye dodoso. Usiligawe nusu kwa nusu, na usilihesabu kama "hana uamuzi". Mimi huangalia limetoka wapi: likiwa jingi kwenye nyumba za karibu na ofisi ya kijiji na kidogo kule mwisho wa kitongoji, hilo lenyewe ni taarifa.

Mwishoni kabisa uliza: "Unadhani sisi tumetumwa na nani?" Utafiti wa maoni wa Afrobarometer, ambao hapa Tanzania hufanywa na taasisi ya utafiti ya REPOA, una swali la aina hiyo, na ni swali la busara mno. Waliosema serikali, waliosema chama na waliosema hawajui, hesabu majibu ya kila kundi peke yake. Ikiwa waliodhani mmetumwa na mzee ndio pekee wanaomsifu, mmepata majibu ya kuwaheshimu wageni tu.

Nani aulizwe

Barua kwanza. Anza kwa mkurugenzi wa halmashauri, ushuke kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji au mtaa. Bila barua mtaishia kituoni, na waliowajibu watasumbuliwa. Mwenyekiti atataka kuwasindikiza nyumba kwa nyumba. Ni ukarimu, lakini mkataeni kwa heshima: "Tunashukuru mwenyekiti, tutarudi kukuaga." Mkitembea naye, hata kuku watamsifu mbunge.

Majina ya vitongoji yote yaandikwe kwenye vikaratasi, yatumbukizwe kwenye bakuli, mchague bila kuangalia. Mkifika kitongojini, simameni katikati, zungusheni kalamu chini, mwende ilikoelekea, nyumba moja kila baada ya tano. Ndani ya nyumba msimchukue anayefungua mlango. Waorodheshe wenye miaka 18 na kuendelea kwa umri, mkubwa hadi mdogo, wape namba bila majina, chagua kwa kikaratasi. Mkilikwepa hili mtarudi na wanaume watupu wanaopumzika barazani, na wake zao wako kisimani.

Nyumba mkiikuta imefungwa, msihamie ya jirani. Rudini jioni. Hapa ndipo tume ya Sturgis inapoingia kijijini kwetu: anayepatikana kirahisi si sawa na asiyepatikana. Msimu wa kuokota korosho watu wengi wanalala kwenye vibanda mashambani, hasa wenye mashamba ya mbali, na hao ndio wenye maoni makali kuhusu salfa ya kupulizia mikorosho, ushirika na malipo. Mfuateni shambani. Kuhusu kundi la WhatsApp la jimbo, lisomeni mkitaka, lakini msilihesabu. Kijiwe cha kahawa nacho ni hivyohivyo. Vyote vinawaonyesha nyinyi mambo ambayo watu wanabishania. Wanaokubaliana wako wangapi, haviwezi kuwaambia.

Idadi: watu 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanakupa kosa la pointi 10 juu au chini, 400 kama pointi 5, 1,000 kama pointi 3. Zaidi ya hapo unachosha miguu. Watu 5,000 waliojipanga wenyewe kukujibu hawafikii 400 uliowachagua kwa vikaratasi.

Mwanamke ahojiwe na mwanamke inapowezekana, na mume asikae kwenye jamvi. Nguo zisiwe za rangi za chama, kanga isiwe ya kampeni. Msiende Ijumaa mchana wala Jumapili asubuhi, na siku ya mnada mtakosa watu. Baada ya alasiri ndiyo saa nzuri. Msigawe soda, sabuni wala nauli. Takrima, yaani ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, na tukiacha sheria, mtu aliyepokea soda yako atatafuta jibu la kukufurahisha.

Uliza mara mbili, kwa sababu ya korosho

Uchaguzi wetu ni Oktoba, na Oktoba ndiyo minada ya korosho inaanza. Sijui mkoa mwingine ambao hali ya mfuko wa mkulima inageuka hivi katika wiki chache kabla ya kupiga kura. Mwezi wa sita na wa saba kuna hela ya ufuta, hasa Lindi. Agosti watu wanapulizia mikorosho na wengi wana madeni. Mnada wa kwanza ukitoa bei nzuri na ushirika ukalipa kwa wakati, mzee anapendeza. Malipo yakichelewa, mtu yuleyule aliyemsifu Agosti anataka apumzike. Andikeni tarehe kwenye kila dodoso, na mrudi kwenye vitongoji vilevile baada ya mnada wa kwanza. Maoni ya Julai yakitangazwa Oktoba ni habari ya zamani.

Watu wa huku wanakumbuka nani alisema nini kuhusu korosho na gesi. Juni 2018 serikali ilipobadilisha utaratibu wa ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje, wabunge wa kusini, wakiwemo wa chama tawala, walipinga bungeni, na mwaka huohuo jeshi likaja kukusanya korosho kwa bei iliyotangazwa ya shilingi 3,300 kwa kilo. Vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam nazo hazijafutika. Kwa mbunge mkongwe, uliza hivi: "Wakati wa gesi, au wakati wa ushuru wa korosho, unakumbuka mbunge wenu alisimama wapi?" Mzee aliyenyamaza anajulikana. Aliyesema anajulikana zaidi, hata kama alishindwa.

Msiyategemee yasiyopima maoni

Kura za maoni za chama, zile za kumpata mgombea, zinapigwa na wanachama, hasa wajumbe wa mikutano yao. Tangu 2020 kila mtu anausema ule msemo kwamba wajumbe si watu wazuri, lakini uzuri au ubaya wao si hoja yangu. Hoja ni kwamba mzee anaweza kuongoza kwa wajumbe na asitakiwe mtaani, au aangushwe na wajumbe mtaa mzima ukiwa naye.

Hata matokeo ya uchaguzi wenyewe mara nyingine hayasemi. Mwaka 2020 Kassim Majaliwa, waziri mkuu wa wakati huo, alipita Ruangwa bila kupingwa. Hiyo haikuonyesha anapendwa wala hapendwi. Haikupigwa kura ya kulionyesha. Jimbo la namna hiyo ndilo linalohitaji mdadisi kuliko yote.

Wala msichukue jibu la jimbo moja mkalivika jingine. Lindi Mjini mwaka 2010 walimchagua Salum Barwany wa CUF, chama cha upinzani, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo nchini. Mwaka 2015 jimbo hilo likarudi CCM, chama tawala, wakati Mchinga hapo jirani, Kilwa zote mbili, Liwale, Tandahimba na Mtwara Mjini yalikwenda CUF. Mtu aliyekuwa amekaa Dar es Salaam akisema "kusini wamechoka" au "kusini ni ngome" alikosea vyote viwili mwaka mmoja.

Na anayesema si lazima apige kura. Kitaifa mwaka 2015 walijitokeza takriban asilimia 67 ya walioandikishwa, mwaka 2020 takriban 51. Uliza kama yumo kwenye daftari la wapiga kura, kama alipiga mara iliyopita, na kituo chake kiko wapi. Asiyejua kituo chake mwekeni kando mkihesabu kura, ila maoni yake kuhusu maji na barabara yabaki, maana kisima kinamhusu.

Kuhesabu na kutoa

Hesabuni wawili wawili, mmoja anasoma mwingine anaandika, kisha mbadilishane. Andikeni "kati ya watu 400 tuliowauliza katika vitongoji hivi, tarehe hizi". Msiandike "wananchi wa Mtwara wanasema". Wekeni swali lenyewe kama lilivyoulizwa, na safu ya kura ni siri ionekane.

Kabla ya kutangaza hadharani nendeni ofisi ya takwimu ya mkoa. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa 2018 na tena 2019, na maafisa wa pale watawaambia kinachotakiwa sasa. Kibali si jambo la kupuuza: mwaka 2018 shirika la Twaweza walipotoa matokeo ya utafiti wao wa Sauti za Wananchi yaliyoonyesha kukubalika kwa Rais wa wakati huo, John Magufuli, kumeshuka kutoka asilimia 71 hadi 55, COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliwaandikia kutaka maelezo ya kibali chao. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Dodoso langu halina jina, halina namba ya simu, halina namba ya nyumba. Lina kitongoji, jinsia, umri kwa makundi, na tarehe.

Matokeo mkiyapata, rudini kijijini kwanza myasome pale pale mlipopewa jamvi, mpeni mtendaji nakala, na wapinzani wa mzee na watu wa mzee wapate karatasi ileile siku ileile. Mtu wa kampeni atakuja usiku kuuliza ni kitongoji gani, nyumba zipi, zimemkataa. Atakuja na bahasha au na vitisho. Takwimu za vitongoji vyenye watu wachache waliohojiwa ziwe mmeshaziunganisha siku mliyohesabu, karatasi za ule mfuko wa kura ziwe mmeshazichoma, na orodha ya nyumba isiwepo, kwa sababu hamkuiandika tangu mwanzo.